Jirani wa Meza na Jumapili ya Watoto

Mwaka 1980 ulifunguliwa jijini Nairobi, upande wa Lang'ata karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, mkahawa wa nyama uitwao Carnivore. Ukiingia unapokewa na shimo kubwa la makaa, na juu yake mapande ya nyama yametungwa kwenye sime za Kimaasai. Mezani kuna bendera ndogo nyeupe ya karatasi. Maadamu imesimama, wahudumu wataendelea kupita na sime zao na kukukatia nyama papo hapo juu ya sahani ya chuma yenye moto. Ukiilaza, umesema basi. Watoto huishughulikia bendera ile kuliko chakula chenyewe, na maswali yao kuhusu nyama ya mamba na ya mbuni hayaishi mpaka mnafika nyumbani.

Mikahawa ya namna hiyo haiuzi chakula peke yake. Kule San Jose, California, Nolan Bushnell, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya michezo ya Atari, alifungua mwaka 1977 mkahawa wa piza uliojaa mashine za michezo na wanyama wa roboti wanaoimba. Leo unajulikana kama Chuck E. Cheese. Mwaka 1994, katika jimbo la Minnesota, ukafunguliwa Rainforest Cafe, ambako watu hula katikati ya msitu wa kuigiza, na kila baada ya muda ngurumo hupiga ndani kama masika yamefika. Kwetu Afrika Mashariki ipo mingi yenye bembea, farasi wa kupandisha watoto, wachoraji wa nyuso na ngoma za jukwaani Jumapili mchana.

Familia nyingi huenda mahali kama hapo kwa nadra: siku ya kuzaliwa, shule zikifungwa, shangazi akija kutoka ng'ambo. Fedha zimetengwa mapema, nguo zimepigwa pasi, watoto hawakulala vizuri kwa hamu. Ndiyo maana jirani wa meza asiyejali wengine huuma zaidi hapa kuliko kwenye kibanda cha chipsi, ambako unafungiwa chakula chako ukaenda zako. Hapa mmekwisha kulipa kiingilio cha farasi, nyama imeagizwa, watoto wako kwenye bembea, na mita moja kutoka mgongoni pako kuna mtu anayepigia kelele simu yake kana kwamba yuko sebuleni kwake.

Ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja: sema mapema, kwa sauti ndogo, na umwambie mtu mwenye uwezo wa kubadilisha hali. Magomvi mengi ya mikahawani huanza na mtu aliyevumilia kwa saa nzima. Alinung'unika na mkewe, akamkata jicho jirani, akatikisa kichwa, na alipokuja kufungua mdomo hakuwa na neno jema lililobaki. Tumelelewa kuona haya kumsemesha mgeni, na haya hiyo tunaiita heshima. Lakini jirani asiyeambiwa hana namna ya kujua, na kinyongo kinachochemka kwa saa nzima si heshima kwa mtu yeyote.

Kabla ya kusema, hata hivyo, pima. Jiulize kama kinachokusumbua si sehemu ya mahali penyewe. Aliyechagua meza iliyo karibu na bembea saa nane mchana ya Jumapili amekubali vicheko na vilio vya watoto. Aliyeingia mkahawa ambao wahudumu wake huimbia kila anayetimiza mwaka amekubali kusikia wimbo ule ule mara kadhaa kabla ya kulipa bili. Kama wiki imekuchosha na unataka utulivu, nenda kwingine siku hiyo, na hapo utakuwa umewatendea haki watoto wa wenzako na wewe mwenyewe.

Kipimo changu ni hiki: je, jambo hili linainyima meza yangu kitu ambacho siwezi kukipata kwa kugeuza shingo tu? Nguo alizovaa jirani, namna anavyoguguna mfupa, kwamba ameagiza sahani ya nne, hayo geuza shingo. Moshi wa sigara haukwepeki kwa kugeuza shingo. Wala haikwepeki katuni inayopigwa kwa sauti ya juu kabisa, mtoto anayechota chipsi kwenye sahani ya mwanao, kiti kilichosukumwa nyuma hadi mgongo wako umebanwa, mtu mzima anayemtukana mhudumu mbele ya watoto wa watu, au kamera iliyoelekezwa kwa binti yako. Hayo yana haki ya kusemwa.

Yapo ya kusemwa kwa adabu, na lipo moja lisilongoja adabu. Mtazame mhudumu anayetoka kwenye shimo la makaa. Mkono mmoja umeshika mpini wa sime, mwingine una kisu cha kukatia. Paja la mbuzi bado linatoa mvuke na mafuta yanadondoka. Macho yake hayako chini. Yako kwenye meza, yanatafuta bendera iliyosimama. Mtoto wa miaka minne anamfikia kiunoni. Sasa watie watoto watatu wanaokimbizana kati ya meza, mmoja akiangalia nyuma kuona kama anafuatwa.

Sime si lazima iwepo. Trei ya supu inatosha, au birika la chai. Maji ya nyuzi 60 tu huweza kuiunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Chai inayotoka jikoni huwa na moto kuliko huo. Ukiona mtoto wa yeyote anaelekea kugongana na kitu cha moto, simama, weka mwili wako kati yao, nyoosha mkono na useme, “Simama hapo mwanangu, kuna moto.” Usimkamate kwa nguvu wala usimfokee. Akishatulia, msindikize hadi kwa wazazi wake. Na kama ajali imekwisha kutokea, mpelekeni kwenye bomba la maji baridi, maji yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20, kisha mtafute daktari. Msimpake dawa ya meno, siagi wala yai.

Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla ya kuondoka nyumbani. Unapopiga simu kuweka nafasi, usiulize bei peke yake. Uliza kama siku hiyo kuna sherehe kubwa iliyokwisha kuwekewa meza. Uliza spika ziko wapi, na saa ngapi ngoma au wanasarakasi wataingia jukwaani. Sema una watoto wangapi na wa umri gani. Kisha omba meza kwa kuitaja: iliyo kona, au iliyo ukutani, mbali na njia ya jikoni na mbali na mlango wa choo, lakini ambayo kutoka hapo unaiona bembea. Anayeomba “meza nzuri” hupewa iliyobaki.

Saa ya kufika nayo ina maana yake. Jumapili, watu hutoka kanisani na kuingia mikahawani kwa mkupuo kati ya saa saba na saa tisa. Ukifika saa tano na nusu, watoto watapanda bembea isiyo na foleni, wahudumu watakuwa hawajachoka, na utakuwa umemaliza nyama wakati ukumbi unafurika. Wakati wa Idd na Krismasi hesabu hiyo haifanyi kazi, kwa hiyo siku hizo chagua bustanini badala ya ndani.

Bustani naisisitiza kwa sababu ya jinsi kelele inavyofanya kazi. Mwaka 1911 daktari Mfaransa wa masikio na koo, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akisikia kelele hupandisha sauti yake bila kukusudia. Ukumbi wa chakula hufuata kanuni hiyo hatua kwa hatua. Meza moja inacheka kwa nguvu, ya pili inapandisha sauti ili isikiane, ya tatu inafuata, DJ anaona watu wamechangamka na kuongeza muziki, na baada ya nusu saa kila mtu anapiga kelele na kila mtu anamlaumu jirani. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Zikiongezeka 10 tu, sikio huhisi kelele imekuwa karibu mara mbili. Mahali pa wazi, kila unapozidisha umbali mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Ndani ya ukumbi wenye vigae chini, vioo pembeni na mabati juu, sauti haiondoki; inagonga na kurudi. Meza iliyo chini ya mti, au iliyozungukwa na makuti, mapazia na mimea, inakupa amani ambayo hakuna ombi la adabu litakaloipata kwenye ukumbi wa vioo.

Vilevile inafaa kujua kwamba mara nyingi dawa ya meza yenye kelele ni kumwomba meneja apunguze muziki. Muziki ukishuka, sauti za watu hushuka zenyewe, na hakuna aliyeaibishwa.

Sasa tuje kwenye kusema kwenyewe, maana hapo ndipo watu wengi hukwama.

Mtafute mtu mzima wa meza ile. Usimkaripie mtoto ilhali mzazi wake yupo pale. Hakuna kauli, hata iwe ya haki namna gani, ambayo mzazi ataisikia baada ya kukuona umemnyooshea mwanawe kidole. Inuka, uende hadi mezani kwao. Kusema ukiwa umeketi, kupitia juu ya vichwa vya meza mbili, ni kumwaibisha mtu mbele ya umma, naye atajitetea hata kama anajua amekosa. Asiende yule aliyekasirika zaidi kati yenu. Kama mezani kwenu kuna nyanya au babu, mara nyingi yeye ndiye mjumbe bora, kwa kuwa watu wetu bado huinamisha kichwa mbele ya mvi. Na kama unayemwendea amekuzidi umri na mko pwani au bara Tanzania, shikamoo itangulie. Ombi linalofuata shikamoo ni gumu kukataliwa kwa ukali.

Salimia, omba radhi kwa kukatiza chakula, taja kitendo, omba unachotaka, shukuru, rudi. Kwa mfano:

“Habari ya mchana, dada. Samahani kuwakatiza chakula. Naona watoto wetu wamefurahi kweli leo. Naomba tusaidiane kidogo: kijana wa fulana nyekundu amepita chini ya mkono wa mhudumu mara mbili, na ile nyama ina moto. Nimehofia asije akaungua.”

“Ala! Wala sikumwona. Asante mama. Wewe! Njoo hapa uketi.”

Angalia yaliyomo katika maneno hayo. Hakuna neno lolote kuhusu malezi. Mtoto ametajwa kwa fulana yake, kwa hiyo mama yake anajua amtafute nani kati ya watoto kumi wanaozunguka. Na “watoto wetu” si maneno ya kupamba: wako wamo katika mbio zile zile, na leo au kesho huenda ukaendewa wewe.

Kwa simu yenye katuni, maneno yawe machache zaidi: “Kaka, samahani, sauti ya ile katuni inatufikia mpaka kwetu. Unaweza kuipunguza kidogo? Asante sana.” Ukishasema, ondoka. Usisimame pale ukisubiri kuona kama atatii. Mwachie nafasi ya kufanya jambo jema bila kuonekana ameamrishwa, na ndani ya dakika mbili utaona sauti imeshuka.

Methali uziache nyumbani. “Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu” ina ukweli wake, lakini ukiitamka mbele ya mama mwenyewe mbele ya wageni wake umetukana, na kuanzia hapo hamzungumzii tena kelele. Vivyo hivyo “sisi hapa tunakula”, “kwani mko kwenu?” na “zamani watoto walikuwa na adabu”. Maneno kama hayo humtuliza msemaji kwa nusu dakika na kuiharibu siku ya watu kumi.

Utakutana na anayejibu vibaya: “Kwani umelipia mkahawa mzima?” Jibu ni, “Hapana, dada. Asante kwa kunisikiliza,” kisha uende kwa msimamizi. Usimrudishie hata neno moja zaidi. Wanao wanakutazama, na katika mchana huo wote huenda hilo ndilo watakalolikumbuka kwa undani kuliko nyama ya mamba.

Kuna mtoto mmoja ambaye naomba kabisa asichanganywe na wale wanaokimbia. Ni yule anayepiga mayowe huku ameziba masikio kwa viganja, au amejificha chini ya meza na hataki kutoka. Mkahawa wenye ngurumo za kuigiza, taa zinazowaka na kuzima, na mtu aliyevaa kichwa kikubwa cha mnyama akija kuwakumbatia watoto ni raha kwa wengi, lakini kwa mtoto mwenye usonji unaweza kuwa mateso. Mzazi wake hajashindwa kulea. Mara nyingi amejipa moyo kwa wiki nyingi ili mwanawe naye apate siku kama wengine, na sasa macho ya ukumbi mzima yanamchoma. Usimtazame. Kama una la kumsaidia, liwe la vitendo: mwombe mhudumu azime spika iliyo juu yao, au uende useme, “Mama, sisi tuko pale kona ambako ni kimya zaidi. Mngependa tubadilishane meza?” Akikataa, rudi ukaketi na uendelee na chakula chako. Na wewe mzazi wa mtoto wa aina hiyo, piga simu mapema uulize saa ambazo ukumbi una watu wachache na kama wanaweza kuacha kuwasha ngurumo mtakapokuwapo. Usione haya kuomba. Ni huduma kama kiti kirefu cha mtoto mchanga.

Kwa mambo mengine usiende mwenyewe hata kidogo, mwite mhudumu. Meza iliyokwisha kulewa ni mojawapo. Mlevi hapokei ombi la jirani, hupokea changamoto, na aliye mpole saa nane anaweza kuwa mtu mwingine saa kumi. Sigara ni nyingine, kwa sababu hapo hakuna haja ya kujadiliana. Nchini Kenya sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta sigara mahali pa umma, mikahawa ikiwamo. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, imeongeza marufuku hiyo hadi mita 50 kutoka mahali pa umma. Kuitekeleza ni wajibu wa mwenye mkahawa, si wako, wewe sema tu, “Kuna mtu anavuta meza ile na tuna watoto hapa.”

Unapomwita mhudumu, kumbuka alivyobanwa. Yule anayepiga kelele ni mteja wake kama wewe, pengine ndiye atakayemwachia bahashishi, na akimkosea ni yeye atakayeitwa ofisini. Hana mamlaka ya kumtoa mtu. Kwa hiyo usimpe lawama, mpe ombi analoweza kulitekeleza: atuhamishie meza ile ya kona, apunguze spika hii, amwite msimamizi wa zamu. Sema polepole, pembeni, wengine wasisikie. Ukimwambia, “Hawa watu wanatukera, fanya jambo,” umemtwika mzigo bila kumwonyesha pa kuupeleka, naye atafanya kile ambacho mtu yeyote aliyebanwa hufanya: atatabasamu na kupotelea jikoni.

Kuhamishwa meza kuombwe kabla ya chakula kufika, au mara tu baada ya sahani za kwanza kuondolewa. Sahani zikishajaa mezani, glasi za juisi zimejaa na mtoto mchanga amelala kitini, hakuna atakayekuhamisha kwa furaha. Hiyo ni sababu nyingine ya kusema mapema.

Suala la kamera limekuwa kubwa, na nalitenga kwa sababu watu hulichukulia kwa wepesi. Katika mikahawa yenye mandhari ya kuvutia kila mtu anapiga picha, na watoto wa wengine huingia ndani ya picha bila mtu kukusudia. Hilo ni la kawaida. Tofauti ni pale mtu anapomrekodi mwanao makusudi, akicheza au akilia, ili amtie kwenye TikTok. Mwendee mara moja: “Dada, samahani, huyo kwenye video ni binti yangu. Naomba uifute, sipendi awekwe mtandaoni.” Wengi hufuta papo hapo na kuomba radhi. Anayekataa, mwite meneja na ubaki umesimama pale kwa utulivu. Kama anayerekodi ni mkahawa wenyewe kwa ajili ya matangazo, simama imara zaidi: sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na Tanzania nayo ina sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Kibao cha “hapa tunapiga picha” kilichobandikwa mlangoni usikihesabu kuwa ndiyo idhini yako.

Na meza yetu? Ni haki kuigeukia, maana kila mtu ni jirani wa mtu. Waambieni watoto nyumbani, kabla ya kupanda gari, kwamba mkahawani ni kutembea, na kukimbia ni kwenye nyasi. Mhudumu akikaribia na kitu cha moto, kila mtoto ashike kiti chake kwa mikono miwili mpaka apite. Watoto hulipenda zoezi hilo kwa sababu linafanana na mchezo. Watu wazima mgawane zamu za kukaa karibu na bembea, nusu saa nusu saa, na aliye zamu asiwe kwenye simu. Nimeona mikusanyiko ya watu wazima wanane ambamo kila mmoja aliamini mwingine anawaangalia watoto.

Katuni isikilizwe kwa visikizi au bila sauti. Kiti cha meza nyingine kiombwe, hata kama hakina mtu, kwa kuwa mwenyewe huenda yuko chooni. Kwenye nyumba ya hewa ya kurukia, wenu wakubwa washuke wadogo wakipanda. Mvulana wa miaka 11 akimwangukia wa miaka mitatu, mfupa wa mdogo ndio utakaovunjika. Na kama mmekuja kwa sherehe, mmoja wenu apite kwenye meza za jirani kabla ya kuanza: “Majirani, shikamooni. Leo mtoto wetu anatimiza miaka sita, tutaimba kidogo keki ikija. Mtuvumilie.” Kisha keki ikikatwa, wapelekeeni watoto wao vipande. Sijawahi kuona meza iliyoarifiwa hivyo ikalalamika, na mara nyingi huishia kuimba nanyi.

Wewe nawe ukiendewa na jirani kuhusu mwanao, pokea. Hata kama amekosea maneno, hata kama sauti yake ni kali kuliko ilivyostahili, anza na “Pole, sikuona,” kisha umwite mtoto. Baada ya hapo unaweza kupima kama alikuwa na haki. Kama hakuwa nayo, kama anataka mtoto wa miaka mitatu anyamaze kabisa kwenye mkahawa wa bembea, mwambie kwa upole kwamba mtoto anacheza mahali palipowekwa kwa michezo, na umwachie meneja yaliyobaki.

Ipo siku yote haya yatashindikana. Jirani amekataa, msimamizi amekwepa, muziki umeongezwa. Usikae kulinda thamani ya fedha ulizolipa. Omba nyama iliyobaki ifungwe, lipa, uwaambie watoto mnamalizia siku kwa aiskrimu mahali pengine, na muondoke kabla hamjatia kisirani safari nzima. Palipo na ngumi au chupa, watoto watoke kwanza na bili ifuate.

Malalamiko yaandikwe kesho yake, hasira zikishapoa, na yatumwe kwa meneja moja kwa moja. Taja tarehe na saa, meza ilikuwa ipi, ulimwambia nani na alikujibu nini, na unataka nini: warekebishe njia ya jikoni inayopita katikati ya bembea, waweke mtu wa kusimamia watoto Jumapili, watenge ukumbi wa sherehe kubwa. Maombi ya aina hiyo meneja anaweza kuyapeleka kwa mwenye mkahawa. Picha ya familia iliyowakera usiiweke mtandaoni. Nao walikuwa na watoto. Na kama kulikuwa na mhudumu aliyewahamisha upesi bila kunung'unika, mtaje kwa jina katika barua hiyo hiyo, kwa sababu wasimamizi hupokea lawama nyingi na sifa chache, na Jumapili ijayo ni yeye atakayempokea mtu mwingine mwenye watoto na jirani wa meza kama yule wako.